Wapiganaji wa Mii kwenye Super Smash Bros. Ultimate: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukifungua orodha ya wapiganaji wa Super Smash Bros. Ultimate unakutana na umati: Mario, Pikachu, Sonic, Pac-Man, Ryu, Cloud, jumla yao 89 ukihesabu na waliouzwa baadaye kama nyongeza. Katikati ya umati huo wamo watatu ambao hawana jina wala sura mpaka wewe uwape. Wengi huwapita wakaenda kumchukua Mario. Wachache waliosimama kuwaangalia ndio wenye maswali haya. Majina ya mapigo tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, usije ukapotea ukiwa na padi mkononi.

Mii ni kitu gani hasa?

Ni kikaragosi unachojitengenezea kwenye konsoli ya Nintendo. Unachagua umbo la uso, macho, nyusi, pua, mdomo, nywele, rangi ya ngozi, unampa jina, basi: huyo ni wewe, au babu yako, au mchezaji unayempenda. Walitoka pamoja na Wii mwaka 2006, na watu wengi waliwajua kupitia gemu ya michezo iliyokuja na mashine hiyo, ile ya kucheza tenisi kwa kupunga mkono sebuleni. Umbo lao, kichwa cha mviringo juu ya kiwiliwili kisicho na makeke, lina asili ya vinyago vya mbao vya Kijapani viitwavyo kokeshi.

Na hii Smash ni gemu ya aina gani? Mimi nimezoea Tekken.

Basi sahau mstari wa uhai unaopungua pale juu ya skrini. Huku kila pigo unalopigwa linakuongezea asilimia, na kadiri asilimia zinavyopanda ndivyo unavyorushwa mbali zaidi. Ukivuka mipaka ya skrini, umepoteza uhai mmoja. Mtu anaweza kuwa na asilimia 150 na bado yumo mchezoni, ilimradi akirushwa anajua njia ya kurudi jukwaani. Shika hilo la kurudi, maana ndilo litakaloamua sehemu kubwa ya yale utakayochagua kwa Mii wako.

Gemu yenyewe inakutanisha wahusika wa gemu mbalimbali uwanja mmoja. Ya kwanza ilitoka Japani Januari 1999 kwenye Nintendo 64 ikiwa na wapiganaji 12, chini ya Masahiro Sakurai, ambaye ameziongoza zote mpaka hii ya Switch iliyotoka tarehe 7 Desemba 2018.

Mii waliingia lini humo?

Mwaka 2014, kwenye toleo la Nintendo 3DS na Wii U. Tangazo lake linafaa kutafutwa ukalitazama hata leo. Tarehe 10 Juni mwaka huo, kwenye onyesho la video la Nintendo wakati wa maonyesho ya E3, Satoru Iwata, rais wa kampuni, na Reggie Fils-Aimé, aliyeongoza tawi la Marekani, walionekana wakizipiga kavukavu. Watu wazima wawili ndani ya suti, wakirushiana ngumi na mateke kama kwenye filamu za Hong Kong. Halafu picha ikageuka: wale wawili sasa ni Mii, wanaendelea kupigana ndani ya Smash. Hakuna maelezo ya kiufundi ambayo yangelifikisha jambo lile haraka kuliko hivyo. Iwata alifariki Julai 2015, na wapo wachezaji ambao hadi leo wana Mii wake kwenye orodha yao, na miwani yake.

Kuna aina ngapi?

Tatu. Mii Brawler ni mtu wa ngumi na mateke: mwepesi, mwenye kasi, anayetaka kukaa karibu nawe asikupe nafasi ya kupumua. Mii Swordfighter ana upanga, mkono wake unafika mbali kidogo, na ana vitu viwili vitatu vya kurusha. Mii Gunner amevaa mzinga mkononi na maisha yake yote ni kukaa mbali na kukumiminia risasi, makombora na mabomu.

Uzito wao ndani ya gemu ni 94 kwa Brawler, 100 kwa Swordfighter na 104 kwa Gunner. Mario ni 98, Bowser 135. Kwa maneno mengine, Brawler anarushwa kirahisi kuliko Mario, na Gunner anavumilia zaidi kidogo. Ukitaka maoni ya mwandishi: anza na Brawler ukiwa na vidole vyepesi, anza na Gunner ukiwa na subira. Swordfighter mwache awe wa pili. Si mbaya, ila anataka mtu anayejua tayari umbali wake na wa mwenzake.

Naona watu wanaandika 2332, 1111, 3312. Hizo namba ni za nini?

Hapa ndipo penye utamu wote, kwa hiyo tukae kidogo.

Kila mpiganaji wa Smash ana mapigo maalumu manne, ya kitufe cha B: la B peke yake, la B na kijiti pembeni, la B na kijiti juu, na la B na kijiti chini. Wapiganaji wengine wote mapigo hayo wamepangiwa. Kwenye toleo la 2014 karibu wote walikuwa na mapigo ya kubadilisha, lakini kwenye Ultimate utaratibu huo ulifutwa na kubakizwa kwa Mii peke yao. Kila nafasi ina mapigo matatu ya kuchagua. Matatu mara matatu mara matatu mara matatu ni 81. Yaani Brawler mmoja ni Brawler 81, na ukiwaunganisha Mii wa aina zote tatu unapata michanganyiko 243.

Namba zinasomwa kwa mpangilio huohuo: B tupu, pembeni, juu, chini. Kwa hiyo Brawler wa 2332 ana pigo la pili kwenye B tupu, la tatu pembeni, la tatu juu, la pili chini. Mtu akikuuliza "wewe Brawler wako nani?" hakuulizi jina wala sura. Anauliza namba.

Ndiyo maana huwa tunamwambia mgeni asitumie saa nzima kwenye nyusi. Sura ya Mii unaimaliza kwa dakika kumi, lakini namba zake unaweza kuzihangaikia mwaka mzima.

Nipe basi namba za kuanzia kwa Brawler.

Chukua hiyohiyo 2332, ina wafuasi wengi na kila pigo lina kazi yake.

B tupu namba 2 ni Flashing Mach Punch, ngumi za harakaharaka zinazomalizika kwa pigo la kumrusha mtu. Ikimpata mtu mwenye asilimia nyingi, mara nyingi ndiyo kwaheri. Ikikosa unabaki umesimama wazi, basi usiitumie kama salamu.

Pembeni namba 3 ni Suplex. Unamkamata mwenzako, unampindua, unambwaga. Kwa kuwa ni kukamata, ngao, ile kinga ya kujifunika, haimsaidii. Yule jirani yako anayependa kujificha ndani ya ngao muda wote, dawa yake ni hii.

Juu namba 3 ni Thrust Uppercut, ngumi ya kupanda. Ni ya haraka, inatoka vizuri pale mtu anapogonga ngao yako na kubaki karibu, na inaunganika na mapigo mengine. Ubaya wake ni kwamba inakupandisha wima, haikusogezi pembeni. Ukirushwa mbali na jukwaa, peke yake haikurudishi.

Na hapo ndipo chini namba 2, Feint Jump, inapoingia. Ni mruko wa ziada unaokusukuma mbele, na ukibonyeza tena unatoa teke. Feint Jump inakuleta karibu na jukwaa, Thrust Uppercut inakupandisha. Ukibadilisha moja bila kufikiria nyingine, utajikuta unaanguka shimoni kila pambano na kuilaumu padi.

Ukichoka na kurudi kwa hesabu namna hiyo, jaribu juu namba 1, Soaring Axe Kick, unayopaa nayo kisha unashuka na teke. Si kali kama ile ngumi, ila ni rahisi kuizoea. Na kama unakerwa na watu wa risasi, B tupu namba 1 ni Shot Put, tufe la chuma. Linakwenda polepole na linaanguka karibu, lakini linamlazimisha mtu kufanya uamuzi.

Na hao wengine wawili?

Gunner kwanza. Swali la kujiuliza ni moja: unataka kumzuia nani? Kwenye nafasi ya chini ana Echo Reflector inayorudisha risasi kwa mwenyewe, Bomb Drop inayodondosha bomu, na Absorbing Vortex inayomeza mashambulizi ya nishati na kukupunguzia asilimia. Hiyo ya mwisho ni tamu dhidi ya Samus, mpiganaji wa mzinga wa nishati, na haina maana yoyote dhidi ya mtu wa upanga. Pembeni, Gunner Missile ndiyo inayopendwa: ukisukuma kijiti taratibu kombora linamfuata adui, ukikipiga kwa nguvu linakwenda moja kwa moja kwa kasi. Kwenye B tupu, Charge Blast inajazwa na kuhifadhiwa, Grenade Launch inarusha guruneti lenye kudunda. Kwa kupanda, Lunar Launch inafyatua chini ili ikusukume juu, na inatosha kwa wengi.

Swordfighter: Gale Strike, kile kimbunga cha B tupu, kinatengeneza nafasi ya kila kitu kingine. Pembeni chukua Chakram, kisahani chenye makali unachoweza kukielekeza. Juu, Hero's Spin kwa anayetaka kuua akiwa chini, Stone Scabbard kwa mchokozi. Chini, Reversal Slash inageuza risasi za watu na Blade Counter inarudisha kipigo kwa aliyekipiga, mradi umebonyeza kwa wakati. Anayeanza hubonyeza kila wakati. Mwenzake akishajua hilo, anasubiri tu kisha anapiga.

Nikimfanya Mii wangu mfupi na mwembamba, atakuwa na kasi zaidi?

Kwenye Ultimate, hapana. Urefu na unene uliomwekea Mii kwenye konsoli haubadilishi chochote kwenye pambano.

Swali linatoka kwenye toleo la 2014, na halikuwa swali la kijinga. Kule umbo lilihesabiwa kweli: mfupi na mwepesi alikuwa na kasi, mrefu na mnene alipiga kwa nguvu na kusogea kwa shida. Brawler kibete wa enzi hizo alikuwa adha. Waandaaji wa mashindano waligombana kweli kuhusu umbo lipi liruhusiwe na mapigo yapi, kila mahali na kanuni zake. Kufuta jambo hilo kulipunguza ladha kidogo, lakini kulimaliza ugomvi, na kwa maoni yetu ilikuwa biashara nzuri.

Je, kofia na mavazi vinaongeza nguvu?

Havina nguvu yoyote. Ni sawa na jezi namba 10: itapendeza mgongoni, lakini chenga utapiga mwenyewe. Kwenye toleo la 2014 kulikuwa na vifaa vya kuvaa vilivyoongeza mashambulizi, ulinzi au kasi huku vikipunguza kitu kingine. Kwenye Ultimate havipo.

Mavazi mengi yamo ndani ya gemu yenyewe bila kulipia. Unayapata dukani humo kwa dhahabu unayoshinda, au kama zawadi unapocheza. Mengine ni ya kununua kwa pesa halisi, na mengi ya hayo yaliuzwa kwa senti 75 za Marekani kila moja.

Nikinunua vazi la Sans, ninampata Sans mwenyewe?

Unapata Mii Gunner aliyevaa kichwa cha Sans, yule kiunzi cha mifupa wa gemu ya Undertale, na koti lake. Mapigo ni ya Gunner, yaleyale. Mifupa ile anayorusha kwenye gemu yake haimo. Kilichoufanya ununuzi huo uwe tofauti ni kwamba vazi lilikuja na muziki: Megalovania, uliopangwa upya na Toby Fox mwenyewe, aliyeitunga Undertale. Lilipotangazwa Septemba 2019 mtandao ulitikisika, na wapo walionunua wakatumia muziki tu, vazi wakaliacha kabatini. Vazi la Cuphead, lililotoka mwanzoni mwa 2020, nalo lilikuja na wimbo wake, Floral Fury.

Kwa nini watu huhuzunika mhusika wao akitoka kama vazi?

Kwa sababu kila aliyekuwa akimsubiri mhusika fulani aje kama mpiganaji kamili, akimwona ametangazwa kama vazi la Mii, anaelewa kwamba mlango umefungwa. Mfano mkubwa ni Geno, kikaragosi cha mbao kutoka Super Mario RPG ya 1996. Mashabiki walimdai kwa miaka. Februari 2016 akaja kama vazi la Mii Gunner kwenye toleo la 3DS na Wii U. Wakasema sawa, labda gemu ijayo. Desemba 2020, siku zilezile za Sephiroth kuingia Ultimate, akaja tena. Kama vazi. Lilelile.

Lakini tuwe waadilifu, maana historia haisemi hivyo upande mmoja tu. King K. Rool, mamba mwenye taji kutoka Donkey Kong, alikuwa vazi la Mii mwaka 2015, na mwaka 2018 akaingia Ultimate kama mpiganaji kamili mwenye mapigo yake. Inkling wa Splatoon alipita njia hiyohiyo. Isabelle wa Animal Crossing pia, na Chrom wa Fire Emblem. Kwa hiyo vazi huenda likawa kaburi, huenda likawa chumba cha kusubiria, na usimwamini mtu anayedai anajua kabla ya wakati ni lipi kati ya hayo.

Halafu kuna wahusika ambao bila vazi la Mii wasingeingia Smash kwa njia yoyote. Vault Boy wa Fallout, Altaïr wa Assassin's Creed, Travis Touchdown wa No More Heroes, na Doom Slayer wa Doom aliyekuja Oktoba 2021 pamoja na Sora, mpiganaji wa mwisho kabisa. Nani angefikiri Doom na Animal Crossing watakutana jukwaa moja? Mtu akilalamika kwamba "ni vazi tu", mwonyeshe Doom Slayer akimpiga Isabelle kombora, kisha aseme tena.

Nipo Afrika Mashariki. Mavazi ya kulipia ninayanunuaje?

Duka la Nintendo la mtandaoni halina tawi la Kenya, Tanzania wala Uganda. Wachezaji wa huku hufungua akaunti yenye nchi nyingine, mara nyingi Marekani, kisha hulipa kwa kadi za kulipia kabla. Jambo moja la kuangalia kabla ya kutoa hela: kadi lazima iendane na nchi ya akaunti. Kadi ya dola haitakubali kwenye akaunti ya Uingereza, na muuzaji wa kadi hatakurudishia.

Kwenye toleo la zamani la 3DS na Wii U, kununua hakuwezekani tena kwa njia yoyote. Maduka ya mashine hizo yalifungwa tarehe 27 Machi 2023. Uliyonayo, ndiyo hayo.

Ninaweza kumtumia Mii wangu mtandaoni dhidi ya watu nisiowajua?

Ndiyo. Kwenye toleo la 2014 hukuruhusiwa: Mii walikuwa wa kucheza na marafiki tu. Ultimate iliondoa kizuizi hicho. Utahitaji kulipia huduma ya Nintendo Switch Online, ambayo bei yake ya Marekani ni dola 19.99 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Mashine za wachezaji huwasiliana moja kwa moja, hivyo aliye mbali nawe sana atakuletea pambano la kugandaganda hata kama intaneti yako ni ya mkonga. Tumia waya badala ya Wi-Fi ukiweza. Na ukicheza na Brawler ya Thrust Uppercut kwenye mtandao mbovu, jiandae kuanguka shimoni bure mara kadhaa.

Toleo la 3DS na Wii U halina tena mtandao. Huduma ilizimwa Aprili 2024.

Mashindanoni wanaruhusiwa?

Kwa Ultimate, mashindano mengi yanawaruhusu na mchanganyiko wowote wa mapigo. Kanuni ya kawaida ni kwamba kubadilisha namba kati ya mechi kunahesabika kama kubadilisha mpiganaji, kwa hiyo huwezi kuzibadilisha kimyakimya baada ya mwenzako kuchagua wake.

Tatizo la kweli ni dogo na la kuudhi: Mii anakaa kwenye konsoli, na konsoli ya ukumbini si yako. Ukifika ukakuta hayupo, lazima umtengeneze hapohapo, watu wamepanga foleni nyuma yako wanakukodolea macho. Waandaaji wazoefu huandaa mapema Mii kadhaa na kuwapa namba zao kuwa majina, kwa hiyo unamkuta Brawler anaitwa "2332" anakusubiri. Kama unaandaa mashindano mtaani kwenu, fanya hivyo jioni ya siku iliyotangulia. Kama wewe ni mchezaji, mtumie mwandaaji ujumbe mapema.

Mwanangu wa miaka tisa amemtengeneza Mii wa mwalimu wake na anamchapa kila jioni. Nimkataze?

Mwalimu ndiye wa kuulizwa! Utani kando, mzazi mwenzangu, tazama anamchapaje. Watoto wengi humtengeneza kila wanayemjua, shangazi, mchungaji, shehe, kipa wa timu, wakawapanga wapigane na Pikachu, na humo hamna chuki yoyote. Smash haina damu wala mifupa kuvunjika, na aliyeshindwa hurudi akampigia makofi mshindi.

Pa kusema hapana ni pale sura inapotengenezwa kumdhihaki mtoto mwenzake: kumchorea alama ya usoni, kumpa jina la kejeli, kisha kumpiga picha ya skrini na kuisambaza kwenye kundi la darasa. Hilo zungumza naye mapema. Na zima uwezo wa kuweka vitu hadharani: kwa mwenye huduma ya mtandaoni, gemu ina sehemu ya kushirikisha Mii, viwanja na video za mapambano, na programu ya simu ya Nintendo ya usimamizi wa wazazi inakuwezesha kudhibiti mambo kama hayo.

Nifanyeje Mii afanane na mtu kweli?

Kumbuka kamera ya Smash iko mbali. Wakati wa pambano pua haionekani. Kinachomtambulisha mtu kwa umbali ule ni nywele, nyusi, ndevu, miwani na rangi. Kwa hiyo chagua kitu kimoja kinachomtofautisha na ukikuze kupita kiasi, kama wachora katuni wa magazetini wafanyavyo. Kwenye Switch rangi za ngozi na za nywele ni nyingi kuliko zilivyokuwa kwenye Wii, kwa hiyo hapo hutakwama. Mitindo ya nywele ndiyo itakayokusumbua, hasa anayetaka twende kilioni au rasta ndefu. Njia ya mkato ni kofia: mvishe kofia, kilio kimeisha.

Jina linaweza kuwa na herufi ngapi?

Kumi. Mwanaisha anaingia na nafasi inabaki. Mwanakombo anaenea kamili, hata herufi moja haizidi. Abdulrahman, pole, utabaki Abdul. Gemu haina Kiswahili kwenye lugha zake, lakini jina la Mii ni lako, andika upendavyo.

Sauti je?

Unachagua kati ya kadhaa zilizopo. Hazisemi maneno, ni kelele za kupiga na kupigwa tu. Chagua unayoweza kuisikia mara mia kwa jioni moja bila kuudhika.

Nimenunua Switch 2. Mii wangu wanafuata?

Ultimate inacheza kwenye Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025. Ukihamisha data kutoka mashine ya zamani kwa utaratibu wa kawaida wa kuwasha konsoli mpya, hutaanza upya.

Na aliye kwenye 3DS ya zamani?

Huyo anahitaji amiibo, zile sanamu ndogo za Nintendo zenye chipu ndani. Kwenye 3DS au Wii U, fungua mipangilio ya amiibo na umsajili Mii wako kuwa mmiliki wa sanamu. Kisha kwenye Switch nenda mipangilio ya konsoli, sehemu ya Mii, chagua kutengeneza mpya na kunakili kutoka amiibo, halafu gusisha sanamu kwenye padi. Aina za New 3DS zina kisomaji ndani. 3DS za mwanzo zinahitaji kisomaji cha kununua pembeni, kwa hiyo azima mashine ya rafiki kabla ya kutoa hela. Sanamu yoyote ya amiibo inafaa. Kinachohama ni sura na jina tu. Namba za mapigo utazipanga upya ndani ya Ultimate, na ujue kwamba baadhi ya mapigo ya Brawler yalibadilishwa kati ya matoleo haya mawili, kwa hiyo 2122 yako ya zamani huku si yuleyule.